Wanamageuzi wa China na Swali la Karani

Ukitaka kuwajua wanamageuzi wakubwa wa China, njia ya mkato ni kuuliza walikufaje. Shang Yang, aliyeijenga upya dola ya Qin, aliuawa mwaka 338 KK na mwili wake ukararuliwa kwa magari ya farasi. Sang Hongyang, aliyeifanya chumvi na chuma kuwa biashara ya serikali katika enzi ya Han, aliuawa mwaka 80 KK. Wang Mang, mnyakuzi wa kiti cha Han, alikatwa kichwa ndani ya kasri lake mwaka 23 BK. Yang Yan, aliyeukusanya utitiri wa kodi za enzi ya Tang ukawa kodi moja ya misimu miwili mwaka 780, aliamriwa kufa mwaka uliofuata. Zhang Juzheng wa enzi ya Ming alijaliwa kufa akiwa bado madarakani mwaka 1582, lakini miaka miwili baadaye mali yake ilitaifishwa, na zaidi ya kumi kati ya jamaa zake waliofungiwa ndani ya nyumba yao huko Jiangling wakafa kwa njaa. Tan Sitong na wenzake watano, wanamageuzi wa enzi ya Qing, walikatwa vichwa mjini Beijing tarehe 28 Septemba 1898.

Orodha hii huzaa simulizi inayopendwa: shujaa aliyeona mbali, mfalme dhaifu, wahafidhina wenye wivu, na mwisho damu. Ni simulizi tamu, ila haielezi mengi. Wafalme wa Qin, akiwamo aliyemuua Shang Yang, walizishika sheria zake, wakazitumia kuiunganisha China yote mwaka 221 KK. Kodi ya misimu miwili ilidumu kwa karne nane baada ya Yang Yan kuzikwa. Jina la Zhang Juzheng lilichafuliwa kwa miongo kadhaa, na bado kodi aliyoieneza iliendelea kukusanywa na watu wale wale waliomlaani. Maisha ya mwanamageuzi, basi, ni kesi moja, na maisha ya mageuzi yake ni kesi nyingine. Ya kwanza huamuliwa ikulu. Ya pili, kwa maoni yangu, huamuliwa mbali na huko, kwenye ofisi ya wilaya, na mtu ambaye vitabu vya historia havimtaji kwa jina.

Mtu huyo ni karani. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, China iliongozwa na maofisa wachache mno. Serikali kuu ilimtuma mkuu mmoja wa wilaya, msomi aliyefaulu mitihani, mgeni katika eneo lile, ambaye angehamishwa baada ya miaka michache. Chini yake walikuwapo makarani na matarishi, wenyeji, wanaojua shamba la nani liko wapi na nani amelificha. Wengi wao hawakuwa na mshahara wa kueleweka. Sheria yoyote iliyotoka kwa mfalme ilipita mikononi mwao kabla ya kumfikia mkulima. Kwa hiyo, kila ninaposoma habari za mageuzi ya China, huuliza swali moja la mtaani: karani anapata nini?

Shang Yang alilijibu bila kupepesa macho. Alifika Qin, dola ya magharibi iliyodharauliwa na jirani zake, akapata sikio la mtawala wake, Xiao, na mwaka 356 KK akaanza kazi. Mwanahistoria wa kale Sima Qian anasimulia kwamba kabla ya kutangaza sheria aliweka gogo kwenye lango la kusini la soko na kuahidi dhahabu kwa atakayelihamishia lango la kaskazini. Watu walidhani ni mzaha. Akaipandisha zawadi mara tano. Mmoja akajaribu, akalipwa papo hapo. Huenda kisa chenyewe kimetiwa chumvi, lakini kinaonyesha alichokielewa Shang Yang: serikali isiyolipa ilichoahidi haitaaminiwa hata inapotisha. Vyeo vikaanza kutolewa kwa waliofanya vizuri vitani badala ya waliozaliwa vizuri. Familia zikafungwa katika makundi ya tano tano na kumi kumi, mmoja akikosa na wenzake wanaponzwa. Mrithi wa ufalme alipovunja sheria, walioadhibiwa ni walimu wake. Kwa hilo Shang Yang alijichimbia kaburi, kwa kuwa mrithi huyo ndiye aliyetawala baadaye.

Katika jumba la makumbusho la Shanghai kuna kipimo kidogo cha shaba nyeusi chenye mpini, kinachobeba takriban mililita 200. Ubavuni kina maandishi ya mwaka 344 KK yanayomtaja Shang Yang. Chini yake yamechongwa maandishi mengine, amri ya mfalme wa kwanza wa China nzima ya mwaka 221 KK, kuthibitisha kwamba kipimo ni kile kile. Zaidi ya miaka mia moja imepita, mwenye kipimo ameraruliwa, na karani wa ghala bado anapimia nafaka kwa chombo chake. Karani huyo alikuwa anajua akipunja atapata nini na akitenda haki atapata nini. Sisemi ulikuwa utawala mwema. Ulikuwa wa kikatili, na Qin iliporomoka miaka 15 tu baada ya kuiunganisha nchi. Ninachosema ni kwamba hesabu ya mtekelezaji ilifungwa vizuri.

Wang Mang ni kinyume chake kabisa. Alinyakua kiti cha Han mwaka 9 BK akiwa na mawazo ambayo hata leo yangeitwa ya kimapinduzi: ardhi yote ni ya mfalme na haiuzwi, familia zenye ardhi nyingi ziwagawie jamaa na majirani, watumwa wasiuzwe. Mwaka uliofuata akatoa mfumo wa fedha wenye aina 28, za dhahabu, fedha, magamba ya kobe, kauri na shaba, ambao hakuna muuza mboga aliyeweza kuukariri. Sheria ya ardhi aliifuta mwenyewe mwaka 12. Kilichonishangaza zaidi katika kumbukumbu za Han ni jambo dogo: kwa miaka mingi maofisa wake hawakulipwa mishahara, kwa sababu mfalme alikuwa bado anapanga mfumo kamili wa kuwalipa kulingana na vitabu vya kale. Wakajilipa wenyewe kwa rushwa. Kila mbuzi akala kwa urefu wa kamba yake, na mfalme aliyetaka kumwokoa mkulima akawa ndiye aliyemfungulia mbuzi zizi.

Wa kumtazama kwa utulivu ni Wang Anshi, kwa sababu alikuwa mwerevu kuliko wengi katika orodha hii na kwa sababu yeye mwenyewe aliliona swali la karani. Alizaliwa mwaka 1021. Akiwa kijana aliwahi kuwa mkuu wa wilaya ya Yin, karibu na Ningbo ya leo, ambako aliwakopesha wakulima nafaka ya serikali wakati wa njaa ya kabla ya mavuno, nao wakairudisha na riba ndogo. Mpango ulifanikiwa. Mfalme Shenzong wa enzi ya Song alipomwita Kaifeng, mji mkuu, na kumpa madaraka, Wang Anshi aliutoa mpango ule wilayani na kuutandaza katika himaya nzima mwaka 1069. Uliitwa mkopo wa miche michanga.

Kwenye karatasi haukuwa na kasoro. Serikali inatoa mkopo mara mbili kwa mwaka, kabla ya mavuno ya kiangazi na kabla ya yale ya vuli, na mkulima analipa pamoja na kodi akiongeza asilimia 20. Riba hiyo si ndogo, lakini wenye pesa wa vijijini walizoea kudai hata mara mbili ya walichokopesha. Wakopaji walijiunga katika makundi ya kudhaminiana, na kila kundi lilitakiwa kuwa na mwenye uwezo ndani yake. Anayevijua vikundi vya mikopo vya siku hizi atauona mpango huu kama ndugu yao wa karne ya 11. Na sheria ilisema wazi kwamba hakuna kulazimishwa.

Sasa mweke hapo ofisa wa wilaya. Wakaguzi wanatoka Kaifeng kuangalia mkopo umeenda wapi. Aliyekopesha kiasi kikubwa na kurejesha riba anapandishwa cheo; aliyesema wakulima wake hawahitaji mkopo anaonekana mpinzani wa sera. Atafanya nini? Atagawa mkopo kama kodi. Han Qi, waziri mkongwe aliyekuwa Hebei, alimwandikia mfalme kwamba huko familia zilikuwa zikipangiwa mkopo kwa madaraja: za daraja la juu mitungo 15 ya sarafu, za chini kabisa mtungo mmoja na nusu. Wenye nacho, ambao hawakuhitaji kukopa hata senti, ndio waliopangiwa kingi zaidi kwa kuwa ndio waliokuwa na uhakika wa kulipa. Maskini, ambao mpango ulitungwa kwa ajili yao, walipewa kidogo na kwa shingo upande.

Mshairi Su Shi, aliyehudumu mikoani miaka hiyo, aliandika baadaye alichokiona kwa macho yake. Siku ya kugawa pesa za mkopo, maofisa walihakikisha vilabu vya pombe vya serikali vimeandaa ngoma, waimbaji na michezo ya kamari. Mkulima aliyetoka kijijini kuchukua pesa ya mbegu alirudi mikono mitupu, na mapato ya pombe ya wilaya yakaruka juu kila mkopo ulipotolewa. Ofisa alipata alama mara mbili, kwenye mkopo na kwenye ushuru wa pombe. Hakuvunja sheria yoyote. Alisoma tu kipimo alichowekewa na akakitimiza.

Nimesema Wang Anshi aliliona tatizo. Kabla yake makarani wengi wa mji mkuu waliishi kwa bahashishi. Yeye akaanza kuwalipa mshahara na kuongeza adhabu za rushwa. Msomi Shen Kuo ametuachia hesabu yake: mwaka 1070 mishahara ya makarani wa ofisi za mji mkuu ilikuwa mitungo 3,834 ya sarafu, na kufikia 1075 ilikuwa 371,533. Ni karibu mara mia moja katika miaka mitano. Hata hivyo, pesa hizo zilipaswa kutoka mahali, na mahali penyewe ni mikopo na tozo zile zile zilizokuwa zikiwalemea wananchi. Ukame ulipokuja mwaka 1074, mlinzi wa lango la mji, Zheng Xia, alimpelekea mfalme mchoro wa wakimbizi wa njaa waliokuwa wakipita langoni kwake, na Wang Anshi akajiuzulu kwa mara ya kwanza.

Mfalme alikufa mwaka 1085. Sima Guang, mpinzani mkubwa na mwanahistoria hodari, alirudi madarakani akafuta karibu kila kitu, naye na Wang Anshi wakafa mwaka mmoja, 1086. Kuna sheria moja ambayo kufutwa kwake kulizua ugomvi ndani ya kambi ya wapinzani wenyewe. Ilihusu kazi za ofisi ya wilaya, kama kulinda ghala na kusafirisha mizigo ya serikali. Zamani familia za vijijini zilishurutishwa kuzifanya bure, na nyingine zilifilisika kwa kupoteza mzigo mmoja. Wang Anshi aliamuru watu walipe pesa badala ya kushurutishwa, na pesa hiyo iajiri watu wa kazi hizo. Su Shi, aliyekuwa ameishambulia siasa yake kwa miaka, safari hii alimpinga Sima Guang ana kwa ana ili sheria hii ibaki. Naona sababu yake ni nyepesi. Hapa mtekelezaji alilipwa kwa kazi iliyoonekana, na hakuwa na tarakimu ya kumpeleka mbele wala nyuma.

Baada ya Kaifeng kuanguka mikononi mwa wavamizi mwaka 1127, lawama zilimwangukia Wang Anshi kwa karne nyingi. Lenin alimtaja kama mwanamageuzi, nao Wachina wa karne ya 20 wakamfanya shujaa tena. Pande zote mbili zilijadili moyo wake. Ni wachache waliojadili fomu alizowajazisha maofisa.

Miaka mia tano baadaye Zhang Juzheng alianguka katika shimo lile lile kutoka upande mwingine. Hakuwa na ndoto za kuwakopesha maskini. Alitaka serikali ikusanye kilicho chake. Akiwa msimamizi wa dola ya Ming kwa niaba ya mfalme mtoto, Wanli, mwaka 1573 alianzisha daftari tatu za kazi, kila moja ikikaa ofisi tofauti, ili agizo lenye tarehe ya mwisho lisipotelee kwenye kabati la mtu. Kwa urasimu uliokuwa umelala kwa miongo, hilo lilikuwa tukio kubwa. Kisha kiwango cha kodi kikawa sehemu 9 kati ya 10: wilaya iliyokusanya pungufu ya hapo, mkuu wake aliadhibiwa. Hazina ikajaa.

Halafu akaagiza upimaji wa ardhi nchi nzima. Mashamba yalipimwa kwa upinde wa mbao wenye urefu maalumu. Waziri alijulikana kuwa anawapongeza waliogundua ardhi zaidi ya ile ya vitabuni. Historia rasmi ya Ming inaeleza kilichofuata kwa sentensi kavu: maofisa walishindana kufupisha upinde. Ukiufupisha upinde, shamba lile lile linakuwa kubwa kitabuni, kodi inapanda, na mkuu wa wilaya anapata sifa bila kugundua hata tuta moja lililofichwa. Kodi ya mjeledi mmoja, iliyounganisha kodi na kazi za shuruti kuwa malipo ya fedha, ilienezwa juu ya vipimo hivyo.

Aliyejaribu kumlipa mtekelezaji bila kumwekea tarakimu alikuwa mfalme wa Qing, Yongzheng, aliyetawala kuanzia 1722 hadi 1735. Mshahara wa mkuu wa wilaya ulikuwa wakia 45 za fedha kwa mwaka, kiasi ambacho hakikutosha kumlipa hata katibu wake. Wote waliishi kwa tozo ya ziada waliyodai ni ya kufidia fedha inayopotea inapoyeyushwa. Yongzheng aliihalalisha tozo hiyo, akaiwekea kiwango, akaiingiza hazina ya mkoa, kisha akairudisha kwa maofisa kama posho ya kulinda uadilifu, ambayo kwa mkuu wa wilaya ilifika mamia ya wakia na zaidi. Kodi ya kichwa nayo ikaunganishwa na kodi ya ardhi. Kwangu hii ndiyo kazi bora kuliko zote za enzi za wafalme, na haina shujaa wala shahidi, pengine ndiyo sababu haisimuliwi sana. Posho hazikupandishwa bei za vitu zilipopanda, na kabla karne haijaisha tozo za pembeni zilikuwa zimerudi chini ya zile halali.

Mageuzi ya 1898 sitayakalia. Mfalme Guangxu na mshauri wake Kang Youwei walitoa amri zaidi ya mia katika siku 103. Walifuta ofisi nzima nzima kwa mkupuo na kuwafukuza wakuu wote sita wa wizara ya ibada. Swali la karani lilijibiwa kwa neno moja: hupati kitu. Magavana, isipokuwa yule wa Hunan, walikaa kimya wakasubiri, na hawakusubiri sana. Malkia mjane Cixi, aliyewaua Tan Sitong na wenzake, alianza mwenyewe mageuzi yanayofanana na yao mwaka 1901, na mwaka 1905 mitihani ya kifalme ikafutwa kwa jumla.

Turuke sasa hadi zama zetu. Reli ya TAZARA, ya Tanzania na Zambia, ilikabidhiwa Julai 1976, na Mao akafa Septemba mwaka huo. China iliyotujengea reli, basi, siyo ile tunayofanya nayo biashara leo, na aliyesimama kati ya hizo mbili ni Deng Xiaoping. Husifiwa kwa maono. Mimi humsifu kwa jambo lisilong'aa hivyo: aliwaacha wa chini waanze. Mwishoni mwa 1978, katika kijiji cha Xiaogang mkoani Anhui, wakuu wa kaya 18 walitia alama za vidole kwenye karatasi ya siri ya kugawana mashamba ya ushirika, wakaahidi kuwalea watoto wa viongozi wao endapo wangefungwa. Kila kaya ingeitimizia serikali fungu lake, na kinachobaki ni chao. Wan Li, aliyeongoza Anhui, aliliachia. Beijing iliukubali rasmi utaratibu huo mwaka 1982, wakati sehemu kubwa ya nchi ilikuwa imekwisha kuufuata. Mavuno ya nafaka yalitoka tani milioni 305 mwaka 1978 hadi milioni 407 mwaka 1984.

Kanuni ya kubaki na ziada ilipewa pia serikali za mikoa kuanzia 1980: peleka fungu la Beijing, lililobaki tumia. Ghafla katibu wa chama wa kata alikuwa na sababu ya kutaka kiwanda cha matofali au cha vifungo katika eneo lake. Viwanda hivyo vya vijijini vilikua kwa kasi ambayo Deng mwenyewe alikiri mwaka 1987 kwamba hakuna kiongozi wa juu aliyeitarajia. Na wazee wa chama? Guangxu angewafukuza. Deng aliwaundia Tume Kuu ya Ushauri mwaka 1982, wakakaa humo na heshima zao hadi ilipovunjwa 1992.

Gharama ilikuwepo, tena kubwa. Bidhaa moja ilikuwa na bei mbili, ya mpango na ya soko, na mwenye kibali cha kununua kwa bei ya mpango aliweza kuuza sokoni siku hiyo hiyo. Vibali vilikuwa mikononi mwa maofisa na watoto wao. Mfumko wa bei ulipopita asilimia 18 mwaka 1988, hasira juu ya walanguzi hao wenye vyeo ilichangia kuwajaza watu mitaani mwaka 1989, na serikali ikawajibu kwa risasi. Hu Yaobang na Zhao Ziyang, waliofanya kazi nyingi ya kila siku ambayo sifa zake zinamwendea Deng, waliondolewa. Zhao alikufa mwaka 2005 akiwa kifungoni nyumbani kwake. Hata katika mageuzi yaliyofaulu, desturi ya orodha ya mwanzo haikukoma.

Mwaka 1994 Zhu Rongji, naibu waziri mkuu, alizirudisha pesa Beijing. Fungu la serikali kuu katika mapato lilipanda kutoka asilimia 22 hadi zaidi ya 55 katika mwaka mmoja. Shule, zahanati na mishahara vilibaki mzigo wa wilaya na kata. Mwaka 2000 Li Changping, katibu wa chama wa kata ya Qipan mkoani Hubei, alimwandikia Zhu barua akieleza kwamba maofisa wanaoishi kwa kodi na michango ya wakulima katani kwake walikuwa wameongezeka kutoka kama 120 mwaka 1990 hadi zaidi ya 340. Mwaka 2003 Wen Jiabao, aliyeingia uwaziri mkuu mwaka huo, alilitaja hadharani onyo la Huang Zongxi, msomi wa karne ya 17, kwamba kila kodi zinapounganishwa kuwa moja, tozo mpya huota juu yake. Kodi ya kilimo ikafutwa kabisa tarehe 1 Januari 2006.

Wilaya zikahamia kwenye ardhi. Ziliwatoa wakulima pembezoni mwa miji, zikauza haki za kujenga, na mwaka 2021 mauzo hayo yaliingiza takriban yuan trilioni 8.7 nchi nzima. Soko la nyumba likaanguka; kufikia 2024 mapato hayo ya ardhi yalikuwa chini ya trilioni 5. Tangu hapo baadhi ya maeneo yamepunguza marupurupu ya watumishi, na malalamiko mapya yamezuka ya maofisa wanaovuka mipaka ya mikoa yao kwenda kutoza faini kampuni za watu wengine. Mwaka 2025 Beijing ilianzisha kampeni ya kuwazuia.